Kabla ya Kununua Drams za Mtu, Zivue Ngozi

Ukitaka kujua kama ngoma iliwahi kulala majini, inuse kabla hujaipiga. Kila ngoma ya drams ina tundu dogo ubavuni la kutolea hewa. Weka pua hapo, vuta pumzi polepole, kama mtu anayenusa mchele kabla ya kupimiwa. Mbao iliyopitiwa na mafuriko hubaki na harufu ya tope hata ikipakwa vanishi mara tatu, na sisi watu wa Kyela tope hatuhitaji kufundishwa. Ukiisikia harufu hiyo, mwambie mwenye mali ndaga fijo, asante sana, kisha nenda zako. Usibishane. Mwenye ngoma iliyolowa ana maelezo mengi kuliko muda ulio nao.

Nawaandikia ninyi vijana mnaokuja kwangu na simu, mnanionyesha picha za drams zinazouzwa na kuniuliza, "Babu, hizi vipi?" Wajukuu zangu, picha haina harufu. Kwa hiyo nimeona niandike yale ninayojua, ili siku mkienda kununua mnikute hata kama sipo.

Jina langu ni Gwakisa. Nilipiga drams kwenye bendi ya shirika moja la umma kule Mbeya. Shirika lilipouzwa bendi ikafa, nikarudi nyumbani Kyela, nikawa fundi wa kutengeneza ngoma na kuwakagulia wanunuzi. Kuanza na drams zilizotumika si aibu. Mimi mwenyewe sijawahi kumiliki mpya, na mikono yangu haikuwahi kulalamika. Ila uende nazo kwa shaka. Wewe mgeni wa mambo haya huna masikio bado, masikio huja baadaye. Mpaka yatakapokuja, shaka ndiyo itakayokusikilizia.

Miaka ile ya mwanzo wa ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu vilitufikia kutoka kila upande. Vingine vilivuka daraja la Songwe kutoka Malawi, vingine vilikuja ndani ya marobota ya mitumba, na vingine vilitoka kwenye bendi za mashirika kama yangu, zilizokuwa zinakufa moja baada ya nyingine. Wakati huohuo kila kwaya ya wilaya hii ilitaka drams. Waliouza hawakujua wanauza nini, walionunua hawakujua wananunua nini, na katikati yao walikaa wajanja wachache waliojua vizuri sana.

Mtu mmoja wa Bujonde aliniletea ngoma ya kati, zile zinazokaa juu ya besi, akilalamika kwamba inakohoa. Niliivua ngozi, nikarudi nyuma. Ndani mbao zilikuwa zimeumuka na skrubu zimeliwa, na harufu ilinipanda mpaka kwenye macho.

"Hii ngoma ilikuwa ya nani?"

"Ya shemeji yangu."

"Shemeji yako analima kakao?"

"Analima. Umejuaje?"

"Amechachusha kakao humu ndani, bwana. Hii ni siki."

Akaichungulia ngoma kwa ndani. "Ndiyo maana aliniuzia na mfuniko wake," akasema.

Mkicheka, chekeni pia kosa langu. Nilipoajiriwa kwenye bendi nilikuwa nimekulia kwenye ngoma za misiba, zile za ngozi ya ng'ombe, ambazo zikipoa unazisogeza karibu na moto wa majani makavu mpaka zilie tena. Asubuhi moja tulisimama Tukuyu, kuna ukungu na baridi. Nikagonga ngoma ndogo ya nyaya, ile tuliyoiita snea, nikaona imelegea. Nikafanya nilichofundishwa na baba zangu. Nikawasha moto nyuma ya lori, nikaisogeza. Ngozi ile ilikuwa ya plastiki. Ilijikunja kama sikio la mbuzi. Mzee Athumani, mpigaji mkuu aliyenifundisha kazi, alikuja akasimama juu ya ule moto na kikombe chake cha chai.

"Gwakisa," akasema, "umepika ngoma."

"Nilikuwa naikaza, mzee."

"Sasa imeiva. Utaila na nini?"

Hakunifukuza. Alinipa ufunguo wa ngoma, kile kichuma kidogo cha kukazia skrubu, akaniambia nisiutoe mfukoni maisha yangu yote. Ndio huu ninao mpaka leo. Na ninyi jambo la kwanza kununua liwe ufunguo, kabla ya drams zenyewe, maana bila ufunguo huwezi kuvua ngozi, na usipovua ngozi hujaona kitu. Muuzaji akikwambia usifungue, utaharibu sauti, ujue sauti hiyo imeshaharibika.

Ukishaivua, chukua tochi. Laza ngoma kifudifudi juu ya kaunta ya kioo au meza iliyonyooka, mulika kwa ndani, halafu inama utazame pale ukingo unapogusana na meza. Mwanga ukitoka sehemu moja, mdomo wa ngoma umepinda na ngozi haitakaa sawa kamwe. Zungusha kila skrubu, kila moja, hata kama muuzaji anapiga miayo. Matoazi yashike kwa kidole katikati, kwenye tundu, uyagonge pembeni kwa ukucha. Toazi zima huimba muda mrefu na kuisha polepole. Lenye ufa hukata sauti ghafla kama mtu aliyeitwa na mkewe. Pitisha ukucha ukingoni mzunguko mzima. Ukucha ukikwama, hapo pana ufa ambao jicho halijauona.

Halafu kuna hili, ambalo wengi hawaliamini. Usikubali muuzaji akupigie. Mpigaji hodari anaweza kuliimbisha debe la mafuta ya taa, ukaondoka umenunua mikono yake na kuiacha dukani. Piga wewe, vibaya vilevile unavyopiga, kwa sababu ni wewe utakayekwenda nayo nyumbani.

Haya yote nilikuwa nayajua vizuri siku Subilaga alipokuja kwangu. Alikuwa mwalimu wa kwaya huko Ndandalo, mwanamke wa miaka thelathini hivi, mkulima, mwembamba, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alifika asubuhi kwa baiskeli.

"Mwagonile, tata," akanisalimu kwa Kinyakyusa, kama binti kwa baba. "Nimekuja unifunge macho au unifumbue, moja kati ya hayo."

Kwaya yake ilikuwa imevuna mashamba ya watu msimu mzima na kulipwa mpunga. Mpunga ule ulikuwa umewekwa stoo ya kanisa kwa ajili ya drams. Lakini nusu ya wazee wa kanisa hawakutaka drams, walisema ni vyombo vya baa. Wakampa sharti: siku ya Sikukuu ya Mavuno drams ziwe kanisani, zinapigwa, na ni nzima. La sivyo mpunga utauzwa, yanunuliwe mabati ya nyumba ya mchungaji. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Na aliyekuwa ajifunze kuzipiga ni yeye mwenyewe.

"Nikinunua ubovu," akaniambia, "hawatasema kwaya imekosea. Watasema mwanamke amekosea. Na hakuna atakayeomba tena kitu pale kanisani kwa miaka kumi."

"Umeziona wapi?"

"Mtaa wa Mbugani, dukani kwa Bwana Salumu."

Salumu nilimjua kwa sura. Alikuwa na duka la khanga, betri, chumvi na taa za chemli. Babu yake alitoka pwani. Tulipofika dukani nilianza kumshuku kabla sijashuka kwenye baiskeli. Kwanza alitukaribisha chai kabla hatujasema shida yetu. Muuzaji akikukaribisha chai mapema, kunywa lakini usikae. Pili, drams zilikuwa zimevalishwa gamba jipya jekundu la plastiki linalong'aa, juu ya vyuma vilivyochoka. Mtu haoshi uso tu akaacha miguu, ila kama anakwenda kupigwa picha.

"Umezipata wapi?" nikamuuliza.

"Kwa dereva mmoja wa lori. Tulibadilishana na vitambaa."

"Na gamba hili?"

"Zilikuja hivyohivyo, Fundi. Mimi nauza khanga. Ngoma sijui hata zinaanzia mbele au nyuma."

Majibu mepesi. Nikamkonyeza Subilaga, nikatoa ufunguo. Ngoma za kati zilikuwa safi. Snea safi, nyaya zake zote zipo. Matoazi yaliimba mpaka wateja wakageuka. Kila nilipokosa kosa, shaka yangu iliongezeka. Nikaifikia besi, ile ngoma kubwa ya kukanyaga kwa mguu, nikaanza kuvua ngozi zake zote mbili.

"Fundi," akasema Salumu, "unanunua ngoma au unachinja mbuzi?"

"Nachinja," nikamjibu. "Nataka kuona maini."

Nikaingiza kichwa na tochi. Ndani palipakwa rangi nyeusi, na upande mmoja rangi ilikuwa nene kuliko kwingine. Nikagonga kwa kifundo cha kidole. Kwingine kote ko, ko, ko. Pale, pu. Nikatoa kisu kidogo, nikakwangua.

"Kuna nini, tata?" Subilaga akauliza.

"Kitambaa. Kimegandishwa juu ya ufa, kikapakwa rangi."

Subilaga akasimama. Ile sauti yake ya ng'ambo ya mto ikatoka yote. "Bwana Salumu! Kwaya imeinama matopeni miezi miwili, wewe unatuwekea ufa ukaupaka rangi? Ungetuua!"

"Wallahi, dada, sijui!"

"Hujui! Kitambaa kimejibandika chenyewe?"

Watu walianza kusogea mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa anachagua khanga aliirudisha ile khanga. "Hata wa kanisani hawaonewi haya," akasema. "Sisi wengine je?" Akatoka. Mwingine akamfuata.

Mimi huku ndani ya ngoma nilikuwa na raha. Nitasema kweli, nilikuwa na raha sana. Nikaendelea kukwangua ili nimwonyeshe Subilaga mwisho wa ufa. Rangi ikatoka kama gamba la samaki, na chini yake kitambaa kikaonekana rangi yake, damu ya mzee. Nikasogeza tochi. Kwenye pindo la kile kitambaa palikuwa na tundu la kifungo, limeshonwa kwa uzi mweupe.

Wanangu, uzi ule mweupe aliushona mke wangu, kwa sababu uzi wa damu ya mzee ulikuwa umekwisha.

Kilikuwa kipande cha mwisho wa mkono wa shati langu la bendi. Miezi michache kabla shirika halijauzwa, besi ilidondoka kutoka kwenye lori kwa sababu mimi sikuifunga kamba. Ikapasuka urefu wa kiganja. Ikatangazwa kwamba kamati inakuja kukagua mali zote, na aliyeharibu kitu ataondoka bila barua nzuri. Barua ile ndiyo ingenipatia kazi kwingine. Basi nikakata shati langu, nikagandisha kwa gundi ya mbao na unga wa msumeno, nikapaka rangi. Kamati ilipiga besi mara moja, ikaandika "nzima". Wakati ule ngoma ilikuwa na gamba la bluu. Mtu fulani njiani ndiye aliyelivua na kuivalisha jekundu.

Nilikaa na kichwa changu mle ndani muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Nje Subilaga alikuwa bado anamchambua Salumu, na Salumu alikuwa anaapa kwa sauti inayozidi kuwa ndogo. Ilikuwa rahisi sana. Ningetoka, ningesema twende zetu, Mwalimu, na hakuna ambaye angejua mpaka leo. Mke wangu tu ndiye aliyeujua uzi ule.

Nikatoa kichwa.

"Mwalimu," nikasema, "mwache huyu bwana. Aliyeziba ufa huu ni mimi."

Nikawaeleza kama nilivyowaeleza ninyi. Kuhusu kamba, kamati na shati. Nikamwonyesha Subilaga tundu la kifungo. Akalitazama, akanitazama. Nilitarajia Salumu acheke, angekuwa na haki. Hakucheka. Alifuta uso kwa kitambaa cha bega.

"Fundi," akasema, "sasa hivi nilikuwa mwizi mbele ya wateja wangu. Nirudishie jina langu. Na ulirudishe kwa sauti ileile lililochukuliwa nayo."

Nikaenda mlangoni. Yule mama wa khanga alikuwa ameshafika duka la tatu. Nikamwita, nikawaita na wengine, nikasema pale barazani kwamba Bwana Salumu hakudanganya mtu, mdanganyifu ni mimi Gwakisa, fundi wa ngoma. Nimewahi kupiga mbele ya watu wengi, lakini sijawahi kusikilizwa vile.

Nilipogeuka nilimkuta Subilaga amepiga magoti, kichwa chake kimo ndani ya besi, tochi yangu mkononi.

"Ulipouziba ulikuwa urefu gani?" sauti ikatoka ngomani.

"Kiganja."

"Njoo upime."

Nikapima. Kiganja. Miaka yote ile, malori yote yale, ule ufa ulikuwa haujasogea hata unene wa ukucha.

Akatoka, akapangusa magoti. "Basi wewe ni mwongo," akasema, "lakini ni fundi." Akamgeukia Salumu. "Nazichukua."

"Mwalimu, usifanye haraka," nikasema. "Songwe huenda zipo nyingine. Wazee walisema nzima."

"Tata, nimezunguka wilaya nzima. Ngoma nyingine zote nitakazoletewa zina ufa ambao simjui aliyeuficha. Huu namjua, na yuko mbele yangu, na nitamsumbua."

Alinisumbua kweli. Sharti lake la kwanza lilikuwa kwamba nitoe kitambaa na rangi yote, nitengeneze upya, na matengenezo yakae nje, yaonekane. Nikasafisha ufa, nikatia gundi, nikaizungushia besi mipira ya tyubu za baiskeli na kuikaza kwa siku mbili mpaka gundi ikashika. Kisha nikakata kipande cha madigadi ya baiskeli, chuma chembamba, nikakifunga juu ya gamba jekundu kwa boliti nne. Kilionekana kama plasta kwenye paji la uso. Kama mtapata ngoma yenye ufa mfupi usiotembea, hiyo ndiyo njia. Tyubu mbili zinatosha kwa besi.

Sharti la pili lilikuwa kwamba nimfundishe kila siku mchana, bila kukosa, mpaka sikukuu. Siku ya kwanza mguu wake na mikono yake havikusalimiana. Akataka kulia. Nikamwambia wanaoanza wote wako hivyo, hata mimi nilianza kwa kupika snea. Nikamwuliza anatwangaje mpunga. Akasimama akanionyesha kwenye hewa. "Sasa," nikasema, "mguu wako utwange, mikono yako ipepete." Alipoketi tena mguu ukatwanga. Ninyi mnaoanza, msitafute mdundo mbali. Uko kwenye kazi ambayo mwili wako umeshaifanya mara elfu.

Siku ya Sikukuu ya Mavuno kanisa lilijaa mpaka nje, na mbele palipangwa ndizi, kakao na magunia ya mpunga. Kabla kwaya haijaanza, mzee mmoja wa kanisa, yule aliyepinga kuliko wote, alitoka kwenye nafasi yake. Akaenda mpaka kwenye drams, akainama, akaweka kidole juu ya kile chuma.

"Hiki ni cha nini?"

Subilaga alikuwa kwenye kiti chake, vijiti mkononi. Angeweza kusema ni pambo.

"Kuna ufa, baba," akasema. "Aliyeuficha zamani amekaa benchi la tatu, mwenye shati jeupe. Tata Gwakisa, simama."

Nikasimama. Kanisa zima likageuka.

"Ni wewe?" mzee akauliza.

"Ni mimi."

"Utadumu?"

"Sijui, mzee. Lakini ukianza kufunguka, safari hii mtauona."

Aliigonga besi kwa kifundo cha kidole, kama nilivyoigonga mimi kule dukani. Akagonga kwingine, akarudi pale kwenye chuma. Akasikiliza muda mrefu.

"Haya," akasema, akirudi kukaa. "Mpigieni Mungu makofi, na huyo binti apige ngoma yake."

Mguu wa Subilaga ukashuka, besi ikajibu, kwaya ikaingia. Nilisikiliza wimbo wote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuniambia nikae.